Runinga ya sebuleni Nairobi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatia mguu Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, chukua futikamba upime kitu kimoja: umbali kutoka kichwa cha mtu aliyeketi kwenye kochi hadi pale skrini itakapokaa. Usipime ukuta hadi ukuta, maana kochi lina kina chake na kabati la TV lina chake pia. Katika nyumba nyingi za kupanga, iwe ni Umoja, Kasarani au Kilimani, umbali huo huwa kati ya mita 2 na 3. Nambari hiyo ndiyo inayochagua runinga. Baada yake huja mfumo wa programu, kisha stima, kisha anayesimamia dhamana. Herufi kubwa zilizobandikwa kwenye katoni huja mwisho, ingawa ndizo muuzaji huanza nazo.

Hesabu ni fupi: gawanya umbali huo, kwa sentimita, kwa 4. Jibu ni inchi. Ukiketi sentimita 220 kutoka kwenye skrini, 220 kwa 4 ni 55. Sentimita 175 zinakupa inchi 43 na kidogo. Sentimita 260 zinakupa 65. Ukubwa huo unajaza macho bila kukulazimisha kuzungusha shingo. Wengi wakipiga hesabu hii hushtuka kuona kwamba runinga waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, na ni kweli. Lakini kama nyumba yako huangalia zaidi taarifa ya habari na vipindi vya chaneli za bure, ambazo nyingi hazifiki hata Full HD, shuka ngazi moja. Picha hafifu ikivutwa hadi inchi 65 huonyesha kila kasoro yake.

Pima pia mahali pa kuiweka. Inchi za runinga huhesabiwa kwa mshazari, kona hadi kona. Skrini ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54. Ya 50 ni 111 kwa 62, ya 55 ni 122 kwa 68, na ya 65 ni 144 kwa 81. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu. Kinachowakwamisha watu zaidi ni miguu: runinga nyingi za siku hizi hazina mguu mmoja wa katikati, zina miwili iliyotandazwa karibu na kona. Runinga ya inchi 55 inaweza kuwa na mita nzima kati ya mguu na mguu, na kabati lako ni la sentimita 90. Hapo utalazimika kutundika ukutani siku hiyo hiyo, utake usitake. Muulize muuzaji akupimie umbali wa miguu kabla ya kulipa.

Bei zilizomo humu ni makadirio ya maduka ya katikati ya jiji. Runinga huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei hucheza na dola.

Nafasi ya kwanza: inchi 50 au 55, 4K, LED ya kawaida

Hii ndiyo tunayompendekezea mtu mwenye sebule ya kawaida na kati ya shilingi 40,000 na 65,000. Hisense, TCL na Skyworth ndizo zenye bei nafuu katika daraja hili. Samsung na LG huongeza elfu kadhaa, na sehemu ya pesa hizo hulipia jina. Tofauti ya bei kati ya inchi 50 na 55 mara nyingi ni ndogo, basi ukiwa na nafasi chukua 55.

4K ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 3,840 kwa 2,160, mara nne ya Full HD. Kwenye inchi 55 unazihitaji, kwa sababu pikseli moja ya Full HD kwenye skrini hiyo ina upana wa milimita 0.63, na mwenye macho mazuri aliyeketi mita 2 ataanza kuona vidoa.

Muuzaji atakusukuma kwenye QLED. Jina hilo lina maana: mbele ya taa za nyuma kuna tabaka la chembe ndogo mno zinazofanya rangi nyekundu na kijani ziwe safi zaidi. Ila runinga yenyewe bado ni LED iliyoangaziwa kutoka nyuma, na giza lake ni lile lile. Kama tofauti ya bei ni elfu tatu au nne, chukua. Ikiwa ni elfu kumi na tano, pesa hizo zipeleke kwenye inchi.

HDR nayo, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, karibu kila katoni inaiandika. Runinga ya bei ya chini hupokea mawimbi ya HDR, lakini ung'avu wake wa niti 250 au 300 hautoshi kuyaonyesha inavyopaswa. Usilipe hata shilingi moja kwa ajili ya nembo hiyo katika daraja hili.

Kitu cha kuangalia kwa makini ni aina ya paneli, ule ubao wa kioo unaoonyesha picha, na hakiandikwi kwenye katoni. Paneli za VA zina weusi mzito, unaofaa sinema za usiku, ila ukikaa pembeni rangi hupauka. Paneli za IPS huonyesha vizuri hata pembeni, lakini weusi wake ni wa kijivujivu chumba kikiwa na giza. Kama una makochi ya umbo la L na wageni hujaa siku ya mechi, IPS itawafaa wote. Kama mnaangalia wawili mkiwa mbele yake, VA. Jaribio lake ni rahisi: weka picha yenye sura ya mtu, sogea pembeni hadi uitazame skrini kwa mshazari, uone kama ngozi imegeuka majivu.

Nafasi ya pili: inchi 43

Ni ya sebule ambayo kochi halizidi mita 2 kutoka kwenye skrini, au mfuko wa shilingi 25,000 hadi 38,000. Hapa 4K si lazima kwa macho: pikseli ya Full HD kwenye inchi 43 ni nusu milimita tu, na kwa mita 2 jicho haliigundui. Hata hivyo tunashauri 4K, kwa sababu nyingine kabisa. Watengenezaji huzipa runinga za Full HD kichakataji dhaifu na RAM ya GB 1, na baada ya miaka miwili YouTube huchukua nusu dakika kufunguka. Uliza RAM. GB 1.5 inavumilika, GB 2 ni nzuri.

Nafasi ya tatu: inchi 65, Mini LED

Mini LED ina mamia au maelfu ya taa ndogo nyuma ya skrini, zimegawanywa katika kanda zinazozimwa na kuwashwa kila moja kivyake. Penye giza taa hufifia, penye jua hukolea. Ndiyo inayofaa sebule kubwa yenye mlango wa baraza unaomwaga mwanga mchana kutwa, kwa sababu ung'avu wake hushinda mng'ao wa dirisha. Gharama yake inapita laki moja kwa urahisi. Kabla ya kulipa, uliza ina kanda ngapi. Muuzaji akikosa jibu, tafuta namba ya modeli mtandaoni ukiwa hapo hapo dukani. Wenye mashine za michezo ya video kama PS5 waulize pia kama skrini ni ya Hz 120 kweli, yaani hubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Maneno kama "motion rate 120" mara nyingi huficha skrini ya Hz 60.

Nafasi ya nne: inchi 32

Kwa bedsita au chumba cha kulala, sawa. Kwa sebule, hapana. Nyingi zina pikseli 1,366 kwa 768, na kwa shilingi 13,000 hadi 20,000 huwezi kulalamika.

Nafasi ya tano: OLED

Watakaoshangaa kuiona chini hivi wana haki. Kwa picha, hakuna inayoifikia: kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe, kwa hiyo weusi ni weusi kweli, na haina taa za nyuma za kuungua. Lakini nyumba nyingi za Nairobi huwasha runinga asubuhi kwenye chaneli ya habari na kuiacha hapo hadi usiku. Nembo ya chaneli na ule mstari wa habari unaopita chini ya skrini ni vitu vinavyokaa mahali pamoja saa nyingi, na OLED huchakaa pale vilipokaa, ikabaki alama isiyofutika. Ukiangalia sinema jioni tu, na una pesa za kutosha kuweka runinga ya bei ya gari bovu ukutani, ipandishe hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya mwisho: za mtumba kutoka Uingereza

Zina jina kubwa na bei ndogo, na mtego wake uko kwenye kipokea mawimbi. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na matangazo ya kidijitali ya antena hutumia mfumo wa DVB-T2. Uingereza ilianza kwa DVB-T, na T2 ikaja tu na chaneli za HD. Kwa hiyo runinga iliyoandikwa "Freeview", jina la chaneli za bure za huko, peke yake haitashika Citizen wala KBC bila dekoda. Iliyoandikwa "Freeview HD" itashika. Programu zake nazo huzeeka: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya Samsung za 2010 na 2011, wakati skrini zenyewe zilikuwa bado nzima. Ukinunua mtumba, nunua kama skrini tu, na upange bajeti ya kisanduku cha Android pembeni.

Iliyotoka Marekani usiiguse: kipokea mawimbi chake ni cha mfumo mwingine kabisa, na baadhi ni za volti 110 hadi 120 pekee. Soma kibandiko cha nyuma. Kinatakiwa kusema 100–240V au 220–240V.

Mfumo: "Android" mbili zisizofanana

Hapa ndipo wanunuzi wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna Google TV au Android TV yenye leseni ya Google, na kuna Android ya simu iliyochukuliwa bure ikabandikwa kwenye runinga. Muuzaji huziita zote "smart Android". Ya pili utaitambua hivi: ukurasa wa mwanzo unafanana na tableti, rimoti inaendesha kishale kama cha kompyuta, na hakuna kitufe cha kuzungumza na Google. Fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, kisha "About". Ikiandika kwamba kifaa hakijaidhinishwa, rudisha rimoti mezani. Runinga hiyo Netflix itaikataa, au itakupa picha ya ubora wa chini hata kama unalipia kifurushi cha juu, na masasisho hayatakuja kamwe.

Mifumo mingine ya kuaminika ni webOS ya LG, Tizen ya Samsung na VIDAA ya Hisense. VIDAA ni nyepesi na haikwami, ila duka lake la programu ni dogo. Andika orodha ya programu unazotumia nyumbani, kisha uzitafute moja moja dukani kabla ya kutoa pesa. Ahadi ya "utadownload ukifika nyumbani" haina thamani.

Kuhusu intaneti, Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K. Katika magorofa yenye ruta ishirini kwenye ngazi moja, masafa ya GHz 2.4 huwa yamesongamana kama stendi ya Githurai saa kumi na mbili jioni. Hakikisha runinga inashika GHz 5 pia, au vuta kebo kutoka kwenye ruta.

Taa za nyuma, ugonjwa unaoua runinga nyingi

Ukimuuliza fundi yeyote wa River Road anachorekebisha kila siku, atakutajia hili. Runinga inawaka, sauti inasikika vizuri, skrini ni nyeusi. Zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kwa karibu sana. Ukiona picha hafifu ikitembea ndani, basi paneli ni nzima na taa za nyuma ndizo zimekufa.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya skrini kuna vipande virefu vyembamba vyenye taa ndogo za LED, zimeungwa mfululizo kama taa za Krismasi. Ili kupunguza gharama, mtengenezaji huweka taa chache na kuzisukuma kwa umeme mwingi. Joto hupanda, moja huungua, na kwa kuwa ziko mfululizo, mstari mzima hukatika na saketi ya ulinzi huzima zilizobaki. Dalili ya mapema ni kona moja kugeuka samawati au zambarau. Ukiona vidoa vyeupe vyenye kung'aa vilivyotawanyika kama sarafu, hilo ni tatizo jingine: vilenzi vidogo vilivyogundishwa juu ya taa vimebanduka kwa joto na kuanguka ndani.

Kinga yake haina gharama. Runinga hutoka kiwandani au dukani ikiwa kwenye picha kali, ile "Vivid" au "Dynamic", taa za nyuma zikiwa 100. Siku ya kwanza nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua "Standard" au "Movie", kisha shusha "Backlight" hadi 50 au 60. Angalia usichanganye na "Brightness": kwenye menyu nyingi hiyo hubadilisha weusi wa picha tu, taa zikabaki kuchemka vile vile. Ikiwa runinga inarudi yenyewe kwenye picha kali kila baada ya dakika chache, bado iko kwenye hali ya maonyesho ya duka. Ibadilishe iwe ya nyumbani.

Zikiungua, taka vipande vyote vibadilishwe kwa pamoja. Fundi akibadilisha taa moja, mpya itang'aa kuliko wenzake na nyingine itafuata baada ya miezi michache. Kazi hiyo inahitaji paneli ing'olewe mzima mzima na watu wawili kwenye meza pana, hasa kuanzia inchi 50. Paneli ikipasuka, habari imeisha: paneli mpya hukaribia bei ya runinga nzima.

Stima

Stima inapokatika, chomoa. Hatari iko wakati inaporudi, kwa sababu hurudi ikiruka juu na chini kabla ya kutulia. Tenga shilingi elfu moja hadi tatu kwa kifaa kinachoitwa TV guard. Hukata umeme volti zinapozidi au kupungua, na zikitulia husubiri kidogo kabla ya kuuachilia. Cha ampea 5 kinatosha: 240 mara 5 ni wati 1,200, na runinga ya inchi 55 haifiki hata 200. Usiunganishe friji hapo hapo. Friji ina kifaa chake kinachosubiri dakika kadhaa ili kompresa ipumzike.

TV guard haiwezi kuzuia radi inayopitia waya wa antena au dishi. Wakati wa mvua za masika, ngurumo zikianza, chomoa na huo pia. Kebo ya HDMI ya dekoda ichomeke runinga na dekoda zote zikiwa zimechomolewa kwenye stima. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi, na ule umeme mdogo unaouhisi ukigusa chuma cha dekoda unatosha kuua tundu la HDMI.

Matumizi si makubwa. Wati 120 kwa saa 5 kwa siku ni uniti 18 kwa mwezi. Ukichukulia uniti moja kuwa shilingi 30, ni shilingi 540 za tokeni. Ukishusha taa za nyuma, kiasi hicho hupungua pia, maana ndizo zinazokula sehemu kubwa.

Dukani

Mwambie muuzaji afungue katoni na kuwasha ile ile utakayobeba, wala si ya maonyesho. Linganisha namba ya modeli na ya usajili (serial) kwenye katoni na kwenye kibandiko cha nyuma. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, omba nyingine. Tazama skrubu za mgongoni: zikiwa na mikwaruzo, kuna aliyefungua kabla yako. Tafuta kibandiko cha ISM cha KEBS, alama ya ubora ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, na maneno DVB-T2 kwenye maelezo. Ikiwa ina DVB-S2 pia, utaweza kuunganisha dishi la chaneli za bure moja kwa moja.

Kisha iache iwake dakika 20. Fungua YouTube, tafuta video ya kupima pikseli zilizokufa, uangalie kila rangi ikijaza skrini: nyeupe, nyekundu, kijani, samawati, nyeusi. Kwenye nyeusi, angalia kona kama mwanga unavuja. Kwenye nyeupe, angalia madoa ya kivuli. Ili kujua kama 4K ni ya kweli, cheza video ya 4K, uingie kwenye mipangilio ya YouTube na kuwasha "Stats for nerds". Panapaswa kuonekana 3840x2160. Mwisho, mwambie aondoe ile video ya matunda na maporomoko ya maji, achomeke antena na kutafuta chaneli. Chaneli ya Kenya, yenye picha ya kawaida, ndiyo itakayokuonyesha runinga hiyo ikoje siku za Jumatatu.

Hesabu matundu. HDMI tatu zinatosha, na moja iwe imeandikwa ARC, ile inayoweza kurudisha sauti kwenye spika za nje. Kama una wufa ya zamani yenye waya nyekundu na nyeupe, angalia kama runinga ina tundu la spika za masikioni, kwani mpya nyingi hazina. Zikikosa, utahitaji kigeuzi kidogo kinachopokea sauti kwa kebo ya mwanga ya optiki. Ukikiunganisha na kusikia kimya au mkwaruzo, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM. Spika za ndani ni za wati 8 hadi 10 na hutazama chini. Zinatosha habari, lakini huiharibu mechi.

Risiti iwe rasmi ya kodi (ETR au eTIMS), yenye jina la duka na namba ya usajili wa runinga. Dhamana ya kawaida ni mwaka mmoja au miwili. Uliza maswali mawili: anayeitengeneza ni duka au mwagizaji, na karakana iko wapi hapa Nairobi? Kumbuka dhamana nyingi hazigusi skrini iliyopasuka wala iliyoungua kwa stima. Lipa kwa till yenye jina la duka, kamwe usitume pesa kwa namba ya simu ya kijana aliyekupokea mlangoni.

Ukinunua kwa mpango wa lipa mdogo mdogo, zidisha kabla ya kutia sahihi. Mfano: malipo ya kwanza 6,000, kisha 150 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 60,750. Ikiwa runinga hiyo hiyo taslimu ni 35,000, umeinunua karibu mara mbili. Na waulize kama wana uwezo wa kuifunga kwa mbali ukichelewa siku tatu.

Kuifikisha na kuitundika

Runinga husafiri imesimama. Ukiilaza, uzito wa kioo hukaa katikati, na kila tuta la barabarani hukipinda. Bodaboda inafaa hadi inchi 43, katoni ikiwa wima kati ya mwendeshaji na abiria anayeishika kwa mikono miwili. Zaidi ya hapo tafuta gari. Ukiituma mashambani kwa matatu ya safari ndefu, andika ubavuni kwa kalamu nene upande wa juu ni upi, kisha usimamie ikipakiwa.

Ukutani, katikati ya skrini kuwe sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyeketi. Mafundi wengi huipandisha mno, na shingo ndiyo hulipa. Ukuta wa mawe unashika vizuri kwa matundu ya milimita 10 na plagi zake za plastiki za kushikia skrubu. Ukuta wa jipsamu hauwezi bila kupata mbao au chuma cha ndani. Nyingi za inchi 43 hadi 55 hutumia skrubu za M6 nyuma, na urefu wake una maana: iliyozidi kwa sentimita moja inaweza kugusa bodi au kusukuma paneli kutoka ndani. Ikianza kugoma kabla haijafika mwisho, usiilazimishe kwa bisibisi, weka washa, kile kipete cha chini ya skrubu. Piga picha ya ukuta kabla ya kutoboa, kwa maana mwenye nyumba atakata matundu hayo kwenye deposit. Katoni na foamu zake zihifadhi juu ya kabati mpaka dhamana iishe, kwani karakana nyingi hukataa kupokea runinga isiyokuwa kwenye katoni.